Uvae glavu gani unapojenga modeli?

Anayeanza kujenga modeli za plastiki, awe na ndege ya 1:72 (ndogo mara 72 kuliko ya kweli) au kifaru cha vita cha 1:35, hachelewi kuuliza maswali haya. Glavu za duka la dawa zinatosha? Nyeusi ni imara kuliko za buluu? Mbona zangu zimevimba na kulegea nilipofuta rangi kwa tina? Nivae za pamba nisiache alama za vidole? Soma hapa kwanza, kabla hujatoa hela.

Nadharia ni hii tu: glavu nyembamba haizuii kemikali, inaichelewesha. Kuna kimiminika kitakachocheleweshwa muda wa kutosha umalize kazi yako, na kuna kitakachopenya kabla hujafunga kifuniko cha chupa, na glavu ni ileile. Kwa hiyo swali la "glavu gani nzuri" halina jibu mpaka useme unashika nini. Zipo pia kazi ambazo glavu yenyewe ndiyo hatari, nazo nitazitaja.

Kama wewe ni mwanafunzi wa usanifu majengo unayekesha na maketi ya kadibodi, au unachonga vijahazi vya mbao kama vile wanavyouziwa wageni Lamu, sehemu kubwa inakuhusu pia. Gundi na tina ni zilezile.

Vitu vya kuwa navyo

- Boksi moja la glavu za nitrili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani, zisizo na poda. Glavu 100 ni jozi 50, na kwa mtu anayejenga mwisho wa wiki ni nyingi.
- Jozi moja ya glavu zilizofumwa za kustahimili kukatwa. Utatumia upande mmoja tu.
- Glavu nene za mpira za kuoshea vyombo. Ndiyo, hizohizo za jikoni.
- Uzi na rula.
- Sabuni ya kawaida, maji na kitambaa safi, viwe karibu na meza na si chumba cha pili.
- Kalamu ya wino usiofutika ya kuandikia chupa.

Zile glavu nyepesi za nailoni anazovaa muuza chipsi zisikuhadae kwa bei. Zinapwaya, zinapasuka kwenye mshono, na kipande kidogo hakishikiki nazo. Za vinaili ni afadhali kidogo tu. Hazikai vizuri mkononi, huchanika upesi, na mbele ya tina hazina lao.

Hatua ya 1: Panga chupa zako kwa makundi

Toa kila chupa na kila tyubu uliyonayo, usome kilichoandikwa, kisha uipeleke kwenye kundi lake.

Kundi la kwanza ni vitu vya maji: akriliki za maji, dawa za kulainishia stika za maji, sabuni. Hapa glavu yoyote inafaa, na mara nyingi huhitaji hata hiyo. Angalia tu kwamba si kila akriliki ni ya maji matupu. Za Tamiya, kwa mfano, zina alkoholi ndani, na ukizipuliza kwa brashi ya hewa vaa nitrili.

Kundi la pili ni rangi za enameli, rangi za mafuta na waiti spiriti. Hapa ndipo nitrili inapong'aa. Lateksi, yaani mpira asilia, hulainika na kuvimba ikikutana na vitu vinavyotokana na petroli.

Kundi la tatu ndilo linalowaponza wengi: asetoni, dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni, tina ya mafundi rangi za magari, rangi za lakeri, na gundi nyepesi zinazoyeyusha plastiki. Gundi ya Tamiya Extra Thin, ile ya kifuniko cha kijani, ina asetoni na butili asetati. Vyote viwili ni maadui wa nitrili nyembamba.

Kundi la nne ni vitu vinavyoganda: epoksi ya kuchanganya, rezini ya kumimina, rezini ya printa ya 3D na supaglu. Hivi tatizo lake kubwa si kutoboa glavu bali ni mzio, na supaglu ina visa vyake vya peke yake.

Sasa kuna ile tina inayopimwa dukani na kutiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Hiyo huwezi kuisoma kitu. Ihesabu kuwa ya kundi la tatu, bandua lebo ya maji papo hapo, na uandike TINA kwa herufi kubwa. Kama nyumbani kuna watoto, usiirudishe nyumbani katika chupa ya namna hiyo hata kidogo. Nenda dukani na kopo lako.

Hatua ya 2: Soma boksi, usisome rangi ya glavu

Nyeusi, buluu, zambarau, rangi ya chungwa: hiyo ni rangi tu. Mafundi magari hupenda nyeusi kwa sababu haionyeshi uchafu. Kwa mjenga modeli hiyo ni kasoro, maana hutaona kama kidole kina rangi mbichi kabla ya kushika bawa lililokwisha kupakwa. Mimi nachagua buluu hafifu au nyeupe.

Angalia mambo matatu kwenye boksi.

Kwanza, unene. Glavu za kawaida za duka la dawa huwa karibu milimita 0.1, nyingine chini ya hapo. Baadhi ya maboksi huandika kwa mil, na mil 4 ni takriban milimita 0.1. Zile za gereji hufika mil 6 hadi 8. Nyembamba hukupa hisia ya kushika kipande kidogo, nene hukupa muda zaidi na hazichaniki ovyo. Kwa kazi ya meza mimi ni mtu wa mil 4, na nene nazitumia kusafishia brashi ya hewa.

Pili, maneno "powder free", yaani haina poda. Poda ikidondoka kwenye rangi mbichi utaiona ikikauka humo humo. Hata hospitalini imeleta shida: Marekani ilipiga marufuku glavu za tiba zenye poda mwaka 2017.

Tatu, alama za viwango vya Ulaya, zinazoanza na EN. EN 455 maana yake glavu imepimwa kwa kazi za tiba: haivuji, ina nguvu ya kutosha. Haisemi lolote kuhusu tina. Unayoitafuta ni EN ISO 374-1, yenye mchoro wa chupa ya maabara. Chini ya mchoro huo huwa na herufi, na kila herufi ni kemikali moja iliyopimwa. Hapa watu hupigwa chenga kweupe. Glavu nyingi nyembamba huandikwa KPT, na mnunuzi huona herufi tatu akadhani amepata ngao. K ni magadi makali, P ni hidrojeni peroksidi, T ni formaldehidi. Hakuna hata kimoja kilicho mezani kwako! Zinazokuhusu ni B, yaani asetoni, F, yaani tolueni, na J, yaani heptani, ambayo ni jamaa ya waiti spiriti. J utaikuta kwenye nitrili. B kwenye nitrili nyembamba usitarajie kuikuta.

Pembeni ya EN ISO 374-1 huwa kuna neno Type A, B au C. Hiyo ni daraja, usiichanganye na herufi za kemikali. Type A imestahimili angalau kemikali sita kwa dakika 30 au zaidi kila moja, Type B tatu kwa muda huohuo, na Type C moja kwa dakika 10.

Hatua ya 3: Pima mkono

Zungusha uzi kwenye kiganja, chini kidogo ya vifundo vya vidole, bila kidole gumba. Unyooshe juu ya rula. Milimita 178 ni saizi 7, milimita 203 ni saizi 8, milimita 229 ni saizi 9. Kwenye maboksi S huwa 6 hadi 7, M 7 hadi 8, L 8 hadi 9, japo kampuni hutofautiana.

Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua ndogo kwa kazi ya meza. Ncha ya kidole inayopwaya ndiyo inayonaswa na kibano na kuchovya kwenye gundi. Ila ikikubana mpaka vidole vinachoka baada ya muda mfupi, panda saizi moja.

Hatua ya 4: Jinsi ya kushika vitu vya kundi la tatu

Asetoni hupita kwenye nitrili nyembamba kwa muda mfupi sana, mara nyingi haifiki hata dakika moja au mbili, na glavu inavimba na kukunjamana mbele ya macho yako. Glavu za butili, aina nyingine ya mpira, huizuia vizuri, lakini ni nene na ghali, na kipande cha 1:72 hukishiki nazo. Kwa hiyo usitafute glavu ya ajabu, badilisha namna ya kufanya kazi:

1. Gundi nyepesi itumie kwa brashi iliyo kwenye kifuniko. Hakuna sababu ya kidole kulowa. Usishikilie mstari wa kiungo kwa kidole, maana gundi hujivuta chini ya kidole na kuacha alama kwenye plastiki, glavu au pasipo glavu.
2. Ukisafisha brashi ya hewa kwa tina, vaa nitrili mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ikidondokewa, ivue saa hiyohiyo, ya chini ikulinde unapochukua nyingine.
3. Ukiosha vikombe na vifaa kwa asetoni, vaa zile za mpira za jikoni na ushike kwa koleo. Mpira asilia mnene huvumilia asetoni dakika kadhaa, muda unaokutosha. Usizipeleke kwenye waiti spiriti, na zisirudi tena kwenye vyombo vya kulia.

Kosa kubwa kuliko yote: kuendelea na glavu iliyolowa. Tina iliyokwisha kupenya inabaki imefungiwa kati ya mpira na ngozi, haina pa kukaukia. Afadhali mkono mtupu uliooshwa mara moja kuliko glavu iliyolowa ukaivaa nusu saa.

Hatua ya 5: Rezini na epoksi

Hapa nakuomba usifanye ubishi. Epoksi mbichi na rezini ya printa ya 3D vinaweza kukufanya uwe na mzio, na mzio huo ukishaingia hautoki. Unaweza kufanya kazi miezi mingi bila dalili, halafu siku moja mikono inawasha na kutoa vipele, na tangu hapo hata tone dogo linakuamsha usiku. Rezini nyingi za printa zina akrilati, familia ileile ya kemikali iliyomo kwenye kucha za jeli na baadhi ya vifaa vya daktari wa meno. Ukiupata mzio wake mezani, utakutana nao na huko.

Vaa nitrili, mbili ikiwa unamimina au unaosha vipande vilivyochapwa. Badilisha mara tu rezini inapogusa, hata kama glavu haijachanika, kwa sababu akrilati nazo hupenya. Usiguse simu, kitasa wala kiti na glavu hiyo. Rezini ikifika kwenye ngozi, ioshe kwa maji na sabuni. Usiifute kwa spiriti, kwa sababu spiriti huiyeyusha na kuisambaza zaidi. Glavu zilizochafuka zianike juani mpaka rezini igande, ndipo uzitupe.

Epoksi ya udongo, ile ya kufinyanga kama anayotumia fundi bomba, nayo ni ya kundi hili. Nitrili yenye maji kidogo kwenye ncha za vidole haigandi nayo.

Jambo moja la wanaotengeneza kalibu za silikoni: lateksi weka mbali kabisa. Salfa iliyomo kwenye mpira huzuia silikoni ya platinamu (ile inayogandishwa kwa platinamu) isigande, na utabaki na uji kwenye kalibu. Hapa vaa za vinaili, kwa sababu baadhi ya nitrili nazo huwa na salfa. Silikoni ya bati haina usumbufu huo.

Hatua ya 6: Supaglu na pamba havikai pamoja

Supaglu ikimwagika kwenye pamba au sufi, hugandia kwa kasi na kutoa joto kali, linaloweza kuunguza ngozi. Glavu ya pamba ikilowa supaglu inakuunguza ukiwa umeivaa. Usiivae, na usifute supaglu nyingi kwa pamba ya kusafishia masikio wala kipande cha fulana. Hata glavu zilizofumwa za kazi za ujenzi ziweke kando.

Ikitokea, peleka mkono kwenye maji yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, ukae hapo dakika 20. Usivute kitambaa kilichoganda kwenye ngozi. Kikikataa kutoka, au ngozi ikifanya malengelenge, nenda kituo cha afya nacho hivyohivyo.

Hatua ya 7: Glavu ya kisu

Kisu chembamba cha modeli kina tabia ya kuteleza pale unapokwangua alama iliyoachwa na fremu (ile ya plastiki inayoshikilia vipande vya modeli) kwenye kipande kidogo. Glavu ya kustahimili kukatwa huvaliwa mkono unaoshika kipande, si unaoshika kisu. Mkono wa kisu uache huru, uwe na hisia.

Tafuta alama ya EN 388. Chini yake kuna tarakimu nne na herufi, kwa mfano 4X43C. Zinasomwa hivi: kusuguliwa, kukatwa, kuchanika, kutobolewa, halafu herufi ya kipimo kingine cha kukatwa, kuanzia A hadi F. X maana yake haikupimwa. Kwa kisu cha modeli, C au D yatosha. Ukipanda zaidi, glavu huwa nene na kipande hukisikii.

Lakini usijidanganye: glavu ya kufumwa huzuia ukali wa kisu unaopita, si ncha inayochoma. Ncha huingia kati ya nyuzi. Ile tarakimu ya nne nayo isikupumbaze, maana hupimwa kwa chuma butu kinachofanana na msumari, si kwa ncha ya wembe. Kinga ya kuchomwa ni kukata kuelekea mbali na kidole na kubadilisha wembe kabla haujawa butu. Wembe butu hulazimisha nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza.

Hatua ya 8: Kazi za kuvua glavu

Drili ndogo ya umeme inayozunguka kwa kasi: vua. Glavu, hasa ya kufumwa, ikinaswa na ncha inayozunguka inavuta kidole nayo. Shika kipande kwa jiliwa.

Mshumaa wa kuvutia uzi wa antena kutoka kwenye fremu ya plastiki, na chuma cha kulehemu: vua. Nitrili na vinaili zikipata moto huungua au kuyeyuka na kushikamana na ngozi, sembuse zikiwa na tina.

Msasa: glavu haikusaidii chochote kama hujavaa barakoa. Vumbi la rezini, na kwa wachonga mbao vumbi la mvule, huumiza mapafu kuliko mikono. Tumia msasa wa maji inapowezekana.

Hatua ya 9: Rangi na alama za vidole

Mafuta ya vidole ndiyo yanayofanya rangi iachie, hasa rangi za kung'aa za chuma zinazotaka uso mtupu kabisa. Osha vipande kwa sabuni, vikauke, halafu kuanzia hapo usivishike kwa mkono mtupu. Wengi husifia glavu za pamba nyeupe. Mimi sizipendi, kwa sababu huacha nyuzi ndogo ambazo utaziona chini ya rangi baada ya kukauka. Nitrili safi, jozi mpya, inatosha. Kwa vioo vya chumba cha rubani ni vivyo hivyo, na bora zaidi ushike kwa kibano chenye ncha laini.

Losheni na mafuta ya mikono ni ya baada ya kazi, si kabla.

Hatua ya 10: Kuvaa na kuvua

Vua pete, kata kucha. Mikono iwe mikavu kabisa. Puliza hewa kwenye glavu, izungushe mdomo wake ufunge, uone kama inavuja.

Kuvua: bana glavu ya kushoto kwa nje, karibu na kifundo, uivute igeuke ndani nje, uikunjie kwenye kiganja cha kulia. Kisha ingiza kidole cha kushoto, kilicho wazi, chini ya ukingo wa glavu ya kulia kwa ndani, uivute igeuke na kuifunika ya kwanza. Osha mikono kwa sabuni. Glavu iliyoguswa na tina au rezini haivaliwi mara ya pili, hata kama inaonekana nzima.

Mambo yakienda kombo

*Mikono inalowa jasho.* Kwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari hilo halikwepeki. Badilisha mara nyingi, kausha mikono, feni iwe nyuma yako na si juu ya modeli. Glavu nyembamba ya pamba chini ya nitrili husaidia, isipokuwa siku ya supaglu.

*Glavu zinachanika wakati wa kuvaa.* Saizi ndogo, kucha ndefu, au mikono mibichi. Kama zinachanika zote, boksi limezeeka.

*Ngozi inawasha ingawa sijagusa rezini.* Kama unavaa lateksi, hamia nitrili, maana mzio wa mpira asilia ni jambo la kawaida. Kama tayari ni nitrili, inaweza kuwa jasho, au kemikali za kiwandani zilizobaki kwenye glavu. Jaribu kampuni nyingine. Ikiendelea, muone daktari wa ngozi, na umpelekee boksi na orodha ya chupa zako.

*Glavu imegandia kwenye modeli kwa supaglu.* Usivute. Kata glavu kuzunguka sehemu iliyoganda, acha ikauke, kisha ukwangue na usugue kwa msasa. Asetoni ingelegeza gundi, lakini ingekula plastiki pia.

*Kidole kimegandia kwenye glavu.* Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, na uibandue taratibu kwa kuviringisha, si kwa kuvuta.

*Glavu zimekuwa za kunata au zinavunjika ndani ya boksi.* Joto, jua na ozoni ya mota za umeme huzichosha, na mpira asilia huchoka kwanza. Ziweke kwenye droo yenye giza, mbali na dirisha na mbali na kompresa ya brashi ya hewa. Ukinunua dukani, usichukue boksi lililokaa kwenye kioo cha mbele likipigwa jua, na usome mwezi lililotengenezwa kabla ya kulipa.